Maneno Yaliyoshuka Chomboni

Muuguzi anayekesha wodini husema yuko zamu. Mlinzi langoni husema zamu yake inaisha alfajiri. Mwanafunzi hufuta ubao kwa kuwa leo ni zamu yake. Wote watatu wanatamka neno la baharini. Katika maandishi ya Kiarabu ya waongoza vyombo wa Bahari ya Hindi, zam ni kipande cha saa tatu. Usiku na mchana kwa pamoja ni zam nane. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, hupima kwa zam hata umbali: kutoka rasi hii hadi kisiwa kile ni zam kadhaa.

Litazame neno hilo vizuri. Baharia wa zama zile hakuwa na kipimo kimoja cha kuchoka na kingine cha kufika. Saa tatu za kukodoa macho gizani ndizo zilizokuwa urefu wa njia. Usingizi wake, kazi yake na safari yake vyote vilikaa ndani ya silabi mbili, na silabi hizo tunazo hadi leo midomoni, wodini na madarasani.

Naanza hapo kwa makusudi. Wako wanahistoria wetu, na wanafunzi wao, wanaoyatafuta maisha ya mabaharia wa kale katika maandishi ya wakati ule ule: madaftari ya safari, barua, hesabu, mikataba. Kazi yao ni njema. Ila wanapofika kuiandika kwa Kiswahili, wengi hushika istilahi za kutafsiriwa, wakaacha yale maneno yaliyoshuka chomboni pamoja na mabaharia wenyewe. Tuyageuze mkononi moja moja, msomaji, maana ulinzi wa lugha ni zamu ya sote.

Tuanze na mwenyewe: baharia. Kwa Kiarabu bahriya ni jina la kundi, watu wa bahari kwa jumla yao. Waswahili walilichukua jina la kundi wakamvika mtu mmoja, kisha wakalitungia wingi wao wenyewe, mabaharia. Nakipenda kitendo hicho kidogo cha sarufi. Ndicho hasa anachokifanya mtafiti wa maisha ya chomboni: daftari humpa idadi, mabaharia ishirini na watano, naye huvuta mmoja mmoja kutoka kwenye lile kundi mpaka awe mtu.

Pembeni yake yuko mwanamaji. Huyu ni wa Kibantu mwili mzima, mwana wa maji, kama mwanakijiji alivyo wa kijiji. Matumizi yamekwisha kumpeleka jeshini: tukisikia wanamaji, tunaona manowari. Naomba tuuheshimu mgawanyo huo tunapoandika historia. Aliyepanda jahazi la boriti ni baharia. Aliyeandikwa katika manowari ni mwanamaji. Na kijana wa Dar es Salaam anapomwita mwenzake baharia, akimaanisha mtu aliyepigwa na maisha asivunjike, halichafui neno. Anatoa ushahidi kwamba mji bado unakumbuka kazi ile ilimtaka mtu awe wa namna gani.

Nahodha ni Mwajemi: nav ni chombo, khuda ni bwana. Bwana wa chombo. Lakini bwana kwa maana ya mwenye mali, au kwa maana ya mwenye amri? Katika barua za wafanyabiashara wa Kiyahudi wa karne ya 11 na ya 12, zilizokutwa katika sinagogi la Ben Ezra mjini Cairo, nakhuda mara nyingi ni mwenye chombo. Kwetu nahodha ni anayekiongoza, kiwe chake au cha tajiri. Mtafiti asiyelijua hilo atamtajirisha nahodha masikini, au atampeleka tanga kuvuta tajiri aliyekuwa amekaa dukani kwake.

Barua hizo za Cairo zilitunzwa katika ghala liitwalo geniza, kwa kuwa karatasi iliyoandikwa jina la Mungu haitupwi. S. D. Goitein, aliyetumia miongo ya maisha yake kuzisoma, alieleza kwamba neno geniza lina udugu na janaza ya Kiarabu, na kwamba asili yake ni ganj ya Kiajemi, yaani hazina. Mswahili hapo husikia jeneza. Karatasi zilizolazwa jenezani zikafufuka na habari za mikeka, sabuni na bei ya pilipili. Sijui tafsiri ya neno hilo inayoweza kulishinda lenyewe kwa sikio la Kiswahili, kwa hiyo naliacha kama lilivyo: geniza.

Mwalimu siku hizi yuko darasani. Chomboni, muallim alikuwa yule ajuaye nyota, kina cha maji na miamba iliyojificha. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa mwongoza chombo pale Malindi, akaondoka tarehe 24 Aprili, na kabla ya mwezi kwisha tangu siku hiyo akawa Calicut. João de Barros anamwandika mtu huyo Malemo Cana. Malemo ni mwalimu wetu, aliyepita katika sikio la Kireno. Na Cana, ambalo mwandishi mwingine wa Kireno huliandika Canaqua, wataalamu hulifungamanisha na neno la Kihindi la mpiga hesabu za nyota. Basi mtu aliyeifikisha safari ile maarufu hana jina katika maandishi hayo. Ana vyeo viwili. Asiyezipima istilahi atavisoma vyeo kuwa jina la mtu na la baba yake.

Karani naye aliwahi kukaa chomboni. Mwishoni mwa karne ya 16, Abul Fazl, mwandishi wa baraza la mfalme Akbar wa India, aliorodhesha katika Ain-i-Akbari vyeo vya watu wa merikebu. Wamo nakhuda, muallim na sarhang, ambaye kwetu ni sarahangi. Yumo pia karrani, na kazi yake ni mbili: kuandika hesabu za chombo, na kuwagawia abiria maji. Simama hapo kidogo. Kalamu na kata ya maji zilikuwa katika mkono mmoja. Karani wa leo hugawa fomu na mihuri, na anayengoja mbele ya dirisha lake huenda anahisi bado kiu ile ya zamani.

Maneno mengine yalishuka pwani yakafanikiwa mno hata yakasahau kwao. Rubani alikuwa wa bahari kabla hajarushwa angani. Usukani uliingia kwenye magari, kisha kwenye siasa. Nauli ilianzia kwa Wayunani, ikapita kwa Waarabu, na sasa inadaiwa na kondakta wa daladala. Msimu, mausimu ya Kiarabu, ulikuwa ni majira ya pepo, ya kaskazi na ya kusi, yaliyoamua ni miezi mingapi baharia atakaa bandarini mbali na mkewe. Leo tuna msimu wa ligi. Dira ilimwonyesha mshika usukani uelekeo, na sasa ni jina la mipango ya taifa. Mambo yakienda mrama, hatukumbuki tena kwamba mrama ni kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu.

Sisemi tuyarudishe kwao. Neno lililohama lina haki ya makazi mapya. Nasema mwandishi wa historia ya bahari ana ruhusa ya kuyatumia kwa maana yake ya kwanza bila kuomba radhi. Aandike rubani wa jahazi, atie maelezo mara moja, aendelee. Msomaji wa Kiswahili ataelewa, na atafurahi kugundua kwamba marubani wa ndege ni wajukuu.

Sasa lile la askari. Kumbukumbu za Waingereza huwaita mabaharia wa Asia na wa pwani za Bahari ya Hindi laskari, na mwanafunzi wetu hulinakili neno hilo kama geni. Si geni. Ni lashkar ya Kiajemi, yaani jeshi, na wanaisimu wengi huona kwamba askar ya Kiarabu ilitoka humo humo. Askari na laskari ni ndugu: mmoja alipewa bunduki, mwingine kamba. Kwa hiyo napendekeza tuandike laskari kwa herufi zetu, bila alama za mshangao, tumkaribishe kama ndugu aliyerudi.

Lipo neno jingine la kumbukumbu hizo linalouma. Wanamaji Waafrika walioandikwa Zanzibar na Aden kwenye manowari za Uingereza, zile zilizowinda majahazi ya watumwa, waliitwa Sidi. Asili yake ni sayyidi, bwana wangu. Neno la kumheshimu mtu likageuzwa kuwa jina la cheo cha chini kabisa melini. Tunapolitumia, na tulitumie kwa kuwa ndilo lililo kwenye orodha, tulieleze kila mara lilikotoka, ili heshima iliyopotea njiani ionekane.

Orodha hizo hizo zina tabu nyingine. Afisa alipoandikisha watu, wengi walipewa majina ya kupachikwa: Jack fulani, Tom fulani, likifuatiwa na neno la mzaha. Tuliite nini jina la namna hiyo? Lakabu halifai, maana lakabu mara nyingi ni sifa. Jina la utani halifai, maana utani una pande mbili na huyu hakuruhusiwa kujibu. Mimi ningeliita jina la daftari. Ni jina lililoishi kwenye karatasi tu, na mamaye mwanamaji huyo hakuwahi kuliita.

Mkononi mwa karani wa bandari kulikuwa pia na mkataba wa safari. Chuo Kikuu cha Memorial, huko Newfoundland nchini Kanada, kimehifadhi takriban asilimia 70 ya mikataba ya mabaharia wa meli za himaya ya Uingereza ya kati ya 1863 na 1938. Kila mstari una jina, umri, alikozaliwa mtu, meli aliyotoka, mshahara. Asiyejua kuandika alichora msalaba, na pembeni pakaandikwa kuwa hiyo ni alama yake. Kwetu sahihi ni jina lako ulilolitia kwa mkono wako, na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Neno moja, maana mbili. Basi ule msalaba tusiuite sahihi. Tuuite alama ya mkono. Mkono ulikuwepo, usahihi wa yaliyoandikwa juu yake ulikuwa wa mtu mwingine.

Hapa tunaingia katika istilahi za utafiti wenyewe. Kubwa ni chanzo cha msingi. Imetoka pale pale ilipotoka shule ya msingi, kwenye primary ya Kiingereza, na imeenea, lakini sijawahi kuridhika nayo. Msingi ni kitu cha kukanyagwa. Hauulizwi swali, na ukiuuliza haudanganyi. Lakini barua ya baharia hudanganya: humwambia mkewe hali ni njema. Daftari la nahodha hunyamaza. Hesabu ya karani huongeza gunia. Hivi si misingi. Ni mashahidi, na shahidi huhojiwa.

Napendekeza chanzo shuhuda. Kushuhudia ni kuona kwa macho yako, kisha kusema mbele za watu. Maana zote mbili zimo, kuona na kusema, pamoja na uwezekano wa kusema uongo. Na kile wanachokiita chanzo cha upili, yaani kitabu kilichoandikwa baadaye kwa kutegemea wengine, kiwe chanzo pokezi. Tunawajua wapokezi tangu madrasani: habari hupita kwa mpokezi, na mpokezi hupimwa kwa uaminifu wake. Shuhuda ameona, mpokezi amesikia. Mwanafunzi hatahitaji maelezo ya ukurasa mzima.

Waraka na nyaraka hunifurahisha kila ninapoviandika. Kiarabu kilitupa waraka, jani, na jani la karatasi. Sikio la Kibantu likasikia mwanzoni mwake kiambishi ambacho hakikuwapo, likautungia wingi: nyaraka, kama wakati na nyakati. Huko ni kumiliki neno kweli kweli. Mahali zinapowekwa nyaraka pamepata majina mengi mno, na makavazi hutajwa mara kwa maana ya nyumba ya karatasi, mara kwa maana ya nyumba ya vitu vya kale. Tugawe. Makumbusho ni pa kutazama mtepe na nanga. Kavazi ni pa kusoma, kama linavyotumika katika Kavazi la Mwalimu Nyerere pale Dar es Salaam.

Huko Kew, London, katika kavazi la taifa la Uingereza, kuna mali iliyotekwa baharini katika vita vya kati ya 1652 na 1815. Meli ya adui ilipokamatwa, mikoba yake ya barua ilichukuliwa iwe ushahidi mahakamani, na barua takriban 160,000 hazikuwafikia wenyewe. Ni hazina kubwa ya sauti za watu wa kawaida: mke anayeuliza fedha zitakuja lini, mama anayetuma salamu. Istilahi yake inatungoja tuiokote: nyaraka za nyara. Nyara na nyaraka si ndugu kwa asili, lakini zimekaa jirani kwa sauti, na jambo lenyewe limezioza.

Kitabu cha chombo tukiite nini? Wengi huandika kitabu cha kumbukumbu za safari, maneno matano ya kujikongoja. Wazee wa vyombo wana batli. Batli ni kifaa cha kupimia mwendo wa chombo majini, na Kiingereza kilitoa jina la kitabu hicho, logbook, pale pale, kwenye kipande cha gogo kilichotupwa majini kikiwa na kamba yenye mafundo. Tuipe batli maana ya pili, ya kitabu, kwa njia ile ile. Manahodha wa Kuwait waliita daftari lao roznama, kitabu cha siku, wakaandika humo upepo, mwendo na mahali walipofika. Roznama iwe jina maalumu la madaftari yao, na batli jina la jumla.

Shajara tuiache kwa mtu binafsi. Kwa Kiarabu ni mti, na mti huo ndio wa nasaba, wenye shina na matawi. Kwetu imekuwa kitabu cha mtu cha kila siku. Sioni kosa: siku nazo huchipuka moja juu ya nyingine. Alan Villiers wa Australia, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji kupakia boriti, alikuwa na jicho la shajara. Alitazama wanakolala mabaharia, wanachokula, nani anamwia nani, na jinsi wasivyolipwa mshahara bali fungu la faida. Batli haina nafasi ya fungu la kukosa. Shajara inayo.

Na hayo yote, kulala, kula na kudaiwa, huitwa maisha ya kila siku. Ni maneno sahihi lakini yamepauka, na tena ni ya mtu wa nchi kavu, ambaye siku yake huanza asubuhi na kwisha jioni. Ya baharia haikuisha. Kiswahili kina kutwa, mpaka jua litue, na kina kucha, mpaka kupambazuke. Maisha ya kutwa kucha: ndiyo hasa yanayotafutwa katika vyanzo shuhuda, na ndani yake zamu nane zinaenea.

Kwa historia yote ya bahari, mabaharia na bandari, wako wanaoandika historia ya masuala ya kibahari. Mwambao una kimai, kutoka mai, maji ya Kiamu na Kimvita. Nyimbo za kimai ni nyimbo za watu wa majini, na wanafunzi wa fasihi wanazijua. Kwa nini neno likae kwenye nyimbo peke yake? Historia ya kimai, sheria ya kimai, akiolojia ya kimai. Ni fupi na lina chumvi.

Moja la mwisho ni la kazi yenyewe. Mabaharia walikuwa na bildi, risasi ya kupimia kina. Wa meli za Ulaya walipaka mafuta mgando kwenye kitako chake, nayo ikapanda na chembe za sakafu ya bahari: mchanga, tope, vipande vya kombe. Nahodha alizitazama kiganjani akajua alipo. Mtafiti anayefungua sanduku la karatasi kwa mara ya kwanza, akachota hapa na pale kabla ya kusoma kwa mfululizo, tuseme anatia bildi. Namba ya kina hutoka kwenye kamba, lakini habari ya mahali hutoka kwenye zile chembe: bei ya tumbaku, shati lililorithiwa, deni la miaka mitatu.

Kazi hii haianzi na sisi. Mwaka 1979 ilichapishwa Sambo ya Kiwandeo ya Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, utenzi unaotaja viungo vya chombo na ujenzi wake kwa Kiswahili cha mafundi. Ndiye huyo huyo aliyetupa runinga na ngamizi, yaani televisheni na kompyuta. Mtu aliyetunga maneno mapya alianza kwa kuhesabu ya zamani, kamba kwa kamba na ubao kwa ubao. Na kitabu chake sasa ni chanzo shuhuda, maana vingi vya vyombo vile havijengwi tena.

Wewe msomaji wa Lamu, Tumbatu, Kilwa au Mafia, huenda una mzee nyumbani anayeijua foromali, mti wa kufungia tanga, kwa kuipandisha, si kwa kuisoma. Keti naye. Usimwombe orodha, mwombe akusimulie siku moja ya safari, kutwa kucha, nawe andika kila neno ndani ya sentensi yake, kwa lahaja yake. Neno lililong'olewa kwenye sentensi hufika kamusini bila mchanga wake.

Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa, yanapojikusanya maji yaliyopenya, na anaposhuka baharia wa mwisho kwa cheo kuyateka na kuyamwaga. Mtafiti ataenda Kew, ataenda Newfoundland na Kuwait, na aende. Akirudi, mtu huyo wa ngamani ambaye hakuandikwa popote atamkuta bado yupo, ndani ya methali, akiwa zamu.